Ng'ombe wa Ahadi

Hapo zamani, siku zile watawala walipokuwa bado hawajafundishwa kuona haya, na sijui kama wamekwisha kufundishwa, palikuwa na nchi iitwayo Lukwati, na mtawala wake aliitwa Mtemi Lubigisa. Mtemi huyu alibatizwa kabla ya raia zake wengi, akaupenda sana Ukristo, hasa alipogundua kwamba kanisani kuna kiti cha mbele. Kanisa lenyewe lilikuwa la udongo, na paa lake la nyasi lilikuwa limechoka. Mvua iliponyesha, Padre Severini alisoma misa amevaa kofia ya ukindu, na waumini walisali huku wakisogeasogea kutafuta pakavu.

Watu wa parokia ile hawakuwa na fedha. Kila mmoja alitoa alichonacho: huyu mayai, huyu mkungu wa ndizi, yule kikapu cha viazi. Basi baada ya misa Katekista Teofili aliipanga sadaka ile uani akainadi, kitu kimoja kimoja, na mnunuzi alilipa mtama au chumvi papo hapo. Mtama ule ndio uliomlisha padre, na uliobaki uliwekwa kwa ajili ya paa. Ulikuwa utaratibu mzuri, ukaenda vizuri, mpaka Mtemi alipoanza kuwa mkarimu.

Maana katekista aliponyanyua yai, mjane Ngolo akasema, "Kibaba cha mtama," Mtemi alinguruma kutoka kiti chake, ambacho kilimfuata hadi uani, "Ng'ombe! Naahidi ng'ombe mzima kwa yai hili!" Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakapiga makofi mpaka viganja vikawasha, na katekista akamkabidhi Mtemi yai kwa mikono miwili. Mtemi akaenda nalo nyumbani, akalila. Ng'ombe hakuonekana. Jumapili iliyofuata ikawa ng'ombe wawili kwa mkungu wa ndizi, na vigelegele tena, na ndizi zikaliwa, na ng'ombe hawakuonekana. Nani angekwenda kumdai Mtemi? Ikawa kadiri Mtemi alivyozidi kutoa, ndivyo kanisa lilivyozidi kukosa, kwa sababu kibaba cha Ngolo kilirudi nyumbani na Ngolo, na padre alilala na njaa huku akisifiwa kwa kuwa na muumini mkubwa namna ile.

Hata masika yakaingia, na kipande cha paa kikaanguka altareni. Mtemi akasimama akasema, "Mimi nimetoa kuliko ninyi nyote. Sasa kila nyumba ilete kitu cha paa. Asiyeleta, shamba lake nalitwaa."

Basi katika nchi ile alikuwapo mtu fukara, jina lake Malugu, ambaye watu walimwita punguani kwa kuwa alichelewa kujibu na alicheka peke yake. Yeye na mkewe Milembe walikuwa na kishamba cha mihogo na jogoo mmoja, basi.

"Mpeleke jogoo," Milembe akasema.

"Nitampeleka, mama watoto."

"Na Mtemi akimnunua kwa ng'ombe wake wale wa hewani? Jogoo ataliwa, na paa litabaki vilevile. Mimi roho itaniuma, bora ningemla mwenyewe."

Malugu akamtazama jogoo, halafu akacheka peke yake.

Jumapili katekista akamnyanyua jogoo. Mtemi hakungoja mtu. "Ng'ombe watano! Naahidi!" Vigelegele vikaanza. Kabla havijaisha, sauti ikatoka nyuma kabisa, "Kumi! Naahidi." Vigelegele vikakatika. Watu wakageuka, wakamwona Malugu amenyoosha mkono, kaptura yake ina viraka mbele na nyuma.

"Ishirini!" akasema Mtemi.

"Hamsini," akasema Malugu.

"Mia!" Mtemi akapiga kelele, naye hakuwa na ng'ombe mia.

"Mia na mmoja," akasema Malugu kwa upole.

Uso ukamwiva Mtemi kwa hasira. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile halikumfurahisha mtu. "Mpeni jogoo," akasema. "Na sikiliza, ewe Malugu. Ahadi iliyotolewa mbele ya Mungu si mzaha. Jumapili ijayo ulete ng'ombe hao hapa kanisani. Mtu aahidiye na asilete ni mwongo mbele ya madhabahu. Shamba lake litwaliwe, naye atoke katika nchi hii. Hiyo ndiyo sheria, nimeisema."

"Nimeisikia, Mtemi wangu," akasema Malugu. "Na wenzangu wameisikia."

Wakarudi nyumbani, Malugu ana jogoo wake kwapani, Milembe nyuma yake analia na kumsema kwa wakati mmoja. "Mia na mmoja! Wewe hata mkia wa ng'ombe wa kufukuzia nzi huna! Tutakwenda wapi sisi? Utalima wapi, barabarani?" Usiku huo hakumpikia, na mimi simlaumu.

Kesho yake Malugu akachukua panga, akaanza kukata miiba, akajenga zizi kubwa kando ya kanisa. Wapita njia wakamuuliza anamjengea nani. "Wageni," akajibu. Wakatikisa vichwa wakaenda zao, na kila jioni Milembe alimletea maji bila kumsemesha.

Jumapili ikafika, na watu walijaa uani mpaka wengine wakapanda ukuta, maana misa ya kumwona jirani akifukuzwa haikosi waumini. Mtemi akaja na blanketi lake jipya jekundu begani, akakaa, akasema, "Wako wapi ng'ombe?"

"Wako njiani, Mtemi."

"Njia ipi? Siwaoni."

"Ee Mtemi, hapo ndipo penye shida yangu. Sheria yako yasema ng'ombe wa raia wasiwatangulie ng'ombe wa Mtemi, si njiani wala kisimani. Mzee Shija yule pale alichapwa viboko kwa kosa hilo. Basi ng'ombe wangu wamesimama kwa adabu nyuma ya ng'ombe wako. Wako wakishapita na kuingia katika zizi hili, neno la ng'ombe wangu litakuwa juu yangu."

"Ng'ombe wangu gani?"

Malugu akajikuna kichwa. "Wale wa ahadi, Mtemi."

Ndipo mjane Ngolo akasema kwa sauti nyembamba, "Yule wa lile yai." Mwingine akadakia, "Na wale wawili wa ndizi zangu." "Na wa viazi!" "Na wa lile boga!" Ikawa kila mtu anamtaja ng'ombe wake, na mzee Shija akajitwika kazi ya kuwapanga kwa mkono, nani atangulie, nani afuate. Padre Severini, ambaye tangu masika hakuwa amethubutu kusema neno, akakohoa akasema, "Hata mimi nimekuwa nikiwangoja, Mtemi. Nilidhani wana ugonjwa wa miguu."

Mtemi akafungua kinywa ili aseme kwamba yale yalikuwa maneno tu ya kuchangamsha mnada. Lakini akayakumbuka aliyoyasema Jumapili iliyopita kwa ulimi wake mwenyewe, akakumbuka na adhabu, akaona nchi nzima inamtazama. Akakifunga. Akawaita wachungaji wake, akawaambia kwa sauti ya chini wakawalete.

Ng'ombe wakaja, wanene, wenye pembe ndefu, wakaingia zizini mmoja mmoja, na kila aliyeingia alitajwa jina: Yai, Boga, Viazi. Padre akalia machozi waziwazi. Milembe hakulia, alimkazia macho mumewe tu, kwa kuwa alijua habari haijaisha.

Mtemi naye alijua. Zizi lilipofungwa akageuka, akasema, "Haya, wangu wamepita. Sasa lete mia na mmoja."

Malugu akamtoa jogoo kwenye kapu alilokuja nalo. "Katekista, mnunuzi akiona kitu hakimfai, na bado ni kizima, desturi ya mnada wako ni ipi?"

"Hukirudisha," akasema Katekista Teofili, "na hadaiwi."

"Basi narudisha jogoo. Nimekaa naye juma zima, anawika mapema mno, sipati usingizi. Hajapungua hata unyoya, mhesabuni."

Mtemi akaruka kutoka kitini. "Ala! Basi na mimi narudisha! Narudisha yai, narudisha ndizi, narudisha vyote!"

"Rudisha, Mtemi," akasema mjane Ngolo. "Yai lile lilikuwa halina ufa."

Watu wakacheka mpaka walio ukutani wakaanguka. Mtemi akatazama zizi, akamtazama Malugu, akatazama tumbo lake mwenyewe ambamo sadaka yote ile ilikuwa imepitia. Akataka kukasirika, hasira ikagoma kuja. Akaanza kucheka naye, mwanzo kwa kujilazimisha, kisha kweli. "Nenda ukalime shamba lako," akamwambia Malugu. "Nawe hapo nyuma ulipokuwa ukisimama usisimame tena. Njoo mbele, ambapo naweza kukuchunga."

Lakini jogoo alikuwa bado mkononi mwa katekista, naye katekista alikuwa mtu wa kazi yake. "Jogoo huyu! Nani ananunua?"

"Vibaba viwili vya mtama," akasema Shija.

Macho yote yakamwendea Mtemi. Akanyanyua mkono kama alivyozoea, akavuta pumzi, akalitafuta lile neno lake la kuahidi, asithubutu kulitamka. Akajipapasa mwilini huku na huku. Mwisho akalivua blanketi.

"Hili," akasema.

Watu wakalifuata blanketi kwa macho likipita mkono kwa mkono kutoka kiti cha mbele, na lilipotua mkononi mwa katekista ndipo wanawake wakapiga vigelegele.