Mfalme Aliyebisha Hodi Chini ya Kanisa

Wajukuu, kisa kije?
Kije!
Kije na hofu yake?
Kije nayo!

Basi zamani za kale, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, katika nchi ya baridi iitwayo Poland, alikufa Mfalme Zbilut. Askofu Gedko akamzika chini ya sakafu ya kanisa, kando ya mto. Nilisimuliwa na bibi mmoja Mpoland aliyekimbilia Tengeru wakati wa vita, na kila akifika hapa katika kisa alijifunika shali.

Ikapita miaka thelathini. Mto ukafurika. Jumapili moja, watu wakiwa misani, wakasikia chini ya miguu yao: ngo! ngo! ngo!

Mnasikia, wanangu? Ngo! ngo! ngo!

Wakakimbia. Jumapili ya pili, ngo! ngo! ngo! Ya tatu, ukuta ukapasuka.

Wazee wakasema, "Mfalme anataka kuhama. Tumzike upya kilimani."

Askofu akapauka uso. "Mwacheni! Atakayefunua jeneza lile hataliona jua likizama!"

Aliyeweza kuling'oa jiwe la kaburi alikuwa mmoja tu, Wit mwashi. Mkewe Dobrawa, mtoto wao Jaksa mgongoni, akamng'ang'ania shati.

"Baba Jaksa, usiende! Mwanao hajaijua hata sura yako."

"Kanisa likituangukia, utamkinga kwa kitu gani? Kwa shali?"

Akang'oa jiwe, akashuka. Maji kiunoni, giza, uvundo. Jeneza lilikuwa linaelea, likigonga mawe: ngo! ngo! ngo!

"Ni maji!" akapaza sauti. "Maji ndiyo yanaligongesha!"

Hakuna aliyecheka. Wakalivuta juu kwa kamba.

Sasa sogeeni. Desturi yao ilikuwa hii: mfalme hazikwi mara ya pili mpaka aliyemzika mara ya kwanza aibusu pete yake, kidoleni mwake. Basi jeneza lazima lifunuliwe. Wit akalitazama jua. Akainua kifuniko.

Mifupa. Taji lipo. Fimbo ipo. Kidole hakina pete.

Watu wakamgeukia Askofu.

Dobrawa akasema, "Baba Askofu, busu basi. Mbona wauficha mkono?"

Askofu akavua glavu aliyoivaa miaka yote ile. Pete ya mfalme ikang'aa, nyekundu kama damu. Akaanguka magotini. "Niliiiba siku ya mazishi. Laana nimeitunga mimi, ili msifunue."

Akaivuta. Haikutoka! Kidole kilikuwa kimenenepa juu yake. Akavuta, akalia, akavuta. Wit akachukua patasi. Askofu akafumba macho. Tap!

Patasi ilikata pete, si kidole.

Wakairudisha kidoleni mwa mwenyewe, Askofu akaibusu, wakamzika kilimani. Jua likazama. Wit akaliona, mwanawe kifuani.

Wajukuu, anayewatisha watu na kaburi, mwulizeni kaficha nini humo.

Kisa changu nimekizika hapa. Atakayekifukua, asichukue kitu.