Rangi ya Tangi la Pikipiki

Wapendwa, leo nataka tuzungumze habari za kucha. Msicheke. Na nyie akina mama wa kwaya, mbona ghafla mikono yote imejificha chini ya vitabu vya nyimbo? Itoeni tu. Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikazisema rangi za kucha, na kilichonipata tunakijua mimi na sufuria za nyumbani kwangu. Leo nimekuja kwa amani.

Palikuwa na mtaa mmoja, na katika mtaa huo alikuwa anapita mwanaume mmoja mpaka rangi za kucha. Mnawajua hawa watu. Kikapu cha plastiki mkononi, ndani chupa ndogondogo, pamba, jiwe la kusugulia magaga, na akifika mlangoni anazigonganisha zile chupa, ka-ka-ka, mwenye nyumba ajue. Basi huyu alikuwa na kipaji chake. Hakuuza nyekundu na bluu kama wenzake. Alikuwa anachanganya mwenyewe, kwa njiti ya kiberiti, na rangi zake alikuwa anazitoa kwenye vitu ambavyo mimi na wewe tunavipita kila siku. Alikuwa na rangi inaitwa Ukoko wa Wali. Alikuwa na nyingine inaitwa Sweta la Shule Muhula wa Tatu, ile bluu iliyokwisha kukata tamaa. Alikuwa na Chai ya Msibani. Alikuwa na moja inaitwa Maji ya Kwanza ya Kufulia, na niamini mimi, ilikuwa ndiyo inayonunuliwa kuliko zote!

Akina mama walimpenda. Akina baba je? Aa, akina baba hawakumpenda hata kidogo. Mwanaume gani huyu, kutwa nzima kashika miguu ya wake za watu? Lakini nani angesema? Ukisema, jirani atakuuliza, "Kwani wewe ya mkeo umeshika lini?" Kwa hiyo walikuwa wananuna tu.

Sasa katika mtaa huo kulikuwa na baba mmoja mwenye pikipiki. Ndugu zangu, huyu baba alikuwa anaipenda pikipiki yake! Ilikuwa ya kijani, kijani kile kilichoiva, na alikuwa anailaza sebuleni. Makochi yalisogezwa ili ipate nafasi. Ikifika jioni anaifunika shuka, na shuka lenyewe ni lile la harusi yao. Asubuhi kabla hajanawa uso anachukua kitambaa laini na mafuta kidogo, analifuta tangi mpaka anajiona meno. Mkewe anapita na chai, anarudi na kikombe, yeye bado anafuta.

Asubuhi moja anafuta, mkewe akapita pekupeku kwenda kuchukua kijiko. Yule baba akainua macho kidogo. Akayashusha. Akayainua tena. "Hebu simama hapo!" akasema. Mkewe akasimama. Baba akachuchumaa, akatazama vidole vya miguu vya mkewe, akatazama tangi. Akatazama vidole, akatazama tangi. Rangi ni moja! Kijani kile kile, mng'ao ule ule.

"Hii rangi umeitoa wapi?"

"Nimepakwa na yule wa kikapu," mkewe akamjibu.

"Na inaitwaje?"

Mama akasema, "Inaitwa Tangi la Pikipiki."

Wee! Mbona nyumba ilikuwa ndogo siku hiyo! Yule baba alirusha kitambaa. Akamwambia mkewe apange nguo zake kwenye begi, leo leo anarudishwa kwao, ila kwanza wapite kwa mjumbe wa mtaa ili pasiwe na mtu wa kusema ameonewa. Na yule mpaka rangi naye aitwe, akasikie kwa masikio yake.

Mjumbe wao alikuwa mama mtu mzima, mkali, na saa hiyo alikuwa amekaa kibarazani vidole kumi vimetanuliwa hewani. Alikuwa ametoka kupakwa. Mwenye kikapu bado yuko miguuni pake, wala hakuhitaji kuitwa.

"Semeni upesi," mjumbe akasema, "na kalamu msinipe, nina rangi mbichi."

"Bi Mjumbe," baba akaanza, "huyu mtu ameingia ndani kwangu."

"Una ushahidi gani?"

"Amechanganya rangi ya pikipiki yangu! Ataijuaje kama hajaingia?"

Mjumbe akamshangaa. "Baba, si unapita nayo barabarani kila siku? Hiyo pikipiki hata mbuzi wa mtaa huu wanaijua."

"Barabarani ina vumbi," baba akasema. "Hii aliyopaka ni rangi ya tangi likishafutwa kwa mafuta. Hiyo rangi inaonekana asubuhi, sebuleni kwangu, peke yake!"

Watu walikuwa wameshajaa, maana kesi ya mke na mume haihitaji kengele. Wengine wakacheka. Lakini yule mama hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya begi lake, amevaa soksi nene na kandambili, macho chini. Wapendwa, yule mama alikuwa na miaka kumi na minne ndani ya ndoa ile, na leo yote imeingia kwenye begi moja. Hilo si jambo la kuchekesha. Nyie chekeni pikipiki, msimcheke yule mama.

Mpaka rangi akaomba kusema. "Bi Mjumbe, mimi kwa huyu kaka sijawahi kuvuka kizingiti. Dada alinifuata barabarani na kipande kidogo cha rangi ya tangi, kimebanduka, amekifunga kwenye pindo la khanga. Akaniambia, nichanganyie iwe hivi hivi, isipishane hata kidogo. Nikakaa siku tatu naichanganya."

Baba akaruka. "Kipande! Kile kipande nilikitafuta! Kilibanduka siku ile pikipiki ilipoanguka uani!"

"Unaikumbuka siku hiyo?" mpaka rangi akauliza.

"Kuikumbuka? Ilikuwa Jumanne, imenyesha. Tope. Nilimpa mke wangu anishikilie niangalie tairi, akateleza. Indiketa ya kushoto ikavunjika, mpini ukapinda kidogo, tangi likabanduka hapa, panatosha ukucha mmoja. Sikula siku hiyo."

"Kaka, nikuulize. Pikipiki yako ina spoku ngapi?"

"Sabini na mbili," baba akajibu bila kupumua. "Thelathini na sita mbele, thelathini na sita nyuma."

"Na dada hapa ana kucha ngapi miguuni?"

"Swali gani hilo la kitoto? Kumi!"

Mpaka rangi akamtazama mjumbe. Mjumbe akamtazama yule mama. "Mwanangu," akasema, "vua soksi."

Mama akavua zote mbili. Akaunyoosha mguu wa kulia pale kibarazani, watu wote wakainama. Kidole gumba hakina ukucha. Hakuna. Pamebaki ngozi ngumu, imekunjamana, na juu ya ile ngozi pamepakwa kijani, kwa mkono wa taratibu, kwa umbo la ukucha. Ukitazama kwa mbali ungesema upo.

"Pikipiki iliangukia wapi siku ile?" mpaka rangi akauliza.

Akajibu mkewe. "Iliangukia hapa," akasema. "Alipoiinua nilimsikia anasema, pole mama, pole sana. Nikamwambia, nimeshapoa baba. Nilipoinua uso nikaona anapapasa tangi. Pole ilikuwa ya pikipiki."

Hapo hata wale waliokuwa wanacheka wakaacha. Mjumbe alitaka kufuta jicho akakumbuka rangi, akabaki na mikono hewani.

"Ukucha uling'oka baada ya wiki mbili," mama akaendelea. "Nikavaa soksi, si mnajua baridi yetu hii. Sikutaka kulalamika. Nikawa namwangalia kila asubuhi anavyolifuta lile tangi, nikasema moyoni, hii rangi ndiyo macho yake yanaikubali. Basi nami nikiipaka, labda siku moja yatateleza yatue mguuni kwangu. Na leo yametua, Bi Mjumbe. Nilisimama nikamwacha atazame. Alichuchumaa kabisa, akausogelea mguu wangu hivi, pua yake hii hapa. Rangi akaitambua. Ukucha haupo, hakuona."

Ndugu zangu, mtu unaweza kusema, "Aa, Mchungaji, hii umezidisha. Mume gani asiyejua mkewe ana kucha ngapi?" Sawa. Wewe uliyesema hivyo, mkeo amekaa upande ule. Kovu la mkono wake liko mkono gani? Usigeuke! Tazama mbele, nijibu ukitazama mbele. Na wewe mama unayemkonyeza mwenzio, mumeo dawa zake za presha anakunywa ngapi asubuhi? Na binti yako, yule aliyeacha kula mezani, aliacha lini? Naona kanisa limepoa ghafla.

Yule baba naye alipoa. Alipiga magoti pale kwenye kibaraza cha watu, akaanza kuhesabu kwa kidole. Moja. Mbili. Alipofika tisa akarudia upya, kama mtu anayedhani amekosea. Ikawa tisa tena.

"Nisamehe," akasema.

Mkewe hakusema amesamehe, nisije nikawadanganya. Alivaa tu soksi zake. Mume akasimama, akalichukua lile begi, akaliweka kichwani. Mwanaume mzima, begi kichwani, mtaa mzima unatazama! Funguo za pikipiki akaziacha miguuni kwa mjumbe.

"Twende," akamwambia mkewe.

"Kwa mwendo gani? Mimi siku hizi natembea polepole."

"Huo huo wako."

Wakaondoka. Sijui waliongea nini njiani, na wala hayatuhusu.

Sasa sisi. Maana mmefurahi sana kumwona yule baba anaumbuka, nami nimewaacha mfurahi kwanza. Yule baba hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mkewe, hakulewa, hela ya mboga aliacha. Kosa lake ni kwamba jicho lake lilikuwa zima kabisa, likaona kila kitu cha chuma. Na mtu wa kuona kidonda akawa ni mpita njia mwenye kikapu, yule tunayemsema kwamba hana kazi ya maana. Mungu alimpa jicho nani katika mtaa ule? Mume? Mjumbe? Alimpa mtu aliyekubali kukaa chini na kushika mguu. Ukisimama juu huoni ukucha wa mtu.

Na tusiishie kwa waume. Tuje hapa ndani. Kanisa hili lina viti vya plastiki mia mbili na kumi na viwili. Nani hajui? Kamati ya ujenzi imevihesabu mara tatu mwaka huu. Mwezi uliopita kimoja kilivunjika mguu, tukakaa kikao cha saa mbili, watu wakapandisha sauti, mzee mmoja alitoka nje kwa hasira. Kwa mguu wa kiti! Kikaunganishwa kwa waya, kikarudishwa mahali pake, mstari wa tatu upande wa dirishani. Kiko pale. Kitazameni.

Kitupu.

Anayekaa pale ni nani? Msininong'onezee, semeni kwa sauti. Ndiyo, Bibi Twilumba. Kiti kilivunjika siku gani? Jumapili ya pili ya mwezi uliopita. Kilivunjikaje? Kilivunjika amekikalia. Alianguka hapa mbele yetu, tukamwinua, akasema hajambo, tukampa kiti kingine, tukaendelea na wimbo wa pili. Na baada ya ibada tulikimbilia wapi wote? Tulikwenda kutazama kiti.

Jumapili sita hajaonekana hapa, wapendwa. Mimi mwenyewe mchungaji wenu niliandika muhtasari wa kile kikao kwa mkono wangu, kurasa nne, na jina la yule bibi halimo hata mara moja. Nimekuja kugundua juzi tu, nikiandaa mfano huu wa kuwasema waume wenu. Nilitafuta mtu wa kumsuta, nikajikuta mimi ndiye niliyechuchumaa na kuangalia rangi.

Kwa hiyo leo mahubiri ni mafupi, na mkiniuliza andiko nitawaambia jioni. Wazee wa kanisa, fungueni milango. Kwaya, acheni vitabu. Nyumba ya Bibi Twilumba ni ile ya bati jekundu nyuma ya mashine ya kusaga, na mimi natangulia.