Ncha ya Kisu cha Mihambo

Zamani si zamani sana, malori yalipokwisha kufika na chuma chakavu kikawa mali, palikuwa na mhunzi jina lake Shija. Asubuhi moja Mihambo, tajiri wa ng'ombe, alimtupia miguuni kisu kisicho na ncha.

"Ulichagua chuma kibovu. Kimekatika nikichuna ng'ombe. Nalitaka fuawe lako liwe fidia."

Shija alikuwa na fuawe moja tu, lile pande la chuma analofulia, na bila hilo hana kazi.

"Nilikuuliza utakitumiaje, bwana," akasema kwa upole. "Ukasema kukatia tu, nikakuchagulia chuma cha tupa. Hicho kinakata kama wembe, lakini hakikubali kupindwa. Ungesema kuchokonolea, ningekupa springi ya lori, ipindikayo bila kuvunjika."

"Nimekwambia nilikuwa nachuna."

"Basi kosa ni langu. Niletee ile ncha nione ilivyovunjika, nisije nikachagua vibaya tena. Ukiileta, fuawe ni lako."

"Imepotea."

"Pole, bwana. Pasipo ncha, hapana fuawe."

Mihambo akaondoka akifoka. Hata moto wa mhunzi haujapoa, akarudi na ncha kiganjani. Shija akaiunganisha na kisu, ikakaa sawasawa. Ndipo akamwita mlinzi wa ghala la asali la kijiji, aliyekuwa akija nyuma ya tajiri.

"Mzee Kapela, ameitoa wapi?"

"Kwenye kufuli la ghala, ilikonasa tangu mwizi alipolichokonoa juzi usiku. Sikuigusa, kama ulivyoniagiza nilipokupa habari; nikajificha, nikamwona akiichomoa."

Shija akamgeukia Mihambo.

"Fuawe ni lako, bwana. Sijui tu utalibebaje ukiwa umefungwa mikono."