Hondohondo Aliyeona Haya

Paukwa!

Pakawa!

Ah, akina baba mnaitikia kama mnaumwa meno. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa tunaweza kwenda.

Hapo zamani za kale, palikuwa na Hondohondo na mkewe. Ndege hawa mnawajua, midomo mikubwa kuliko vichwa. Mke akataka kutaga. Akaingia ndani ya pango la mti. Wakaziba mlango kwa udongo, pwata! pwata! Wakaacha upenyo wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Ndiyo desturi yao. Humo ndani mke hupukutika manyoya. Hawezi kuruka, hawezi kutoka, mpaka makinda yakue. Akila, amelishwa. Akijua habari, ameambiwa.

Hondohondo akaruka, puru! puru! Akarudi na tini. Akagonga, ko ko ko!

"Mke wangu, hujambo humo?"

"Sijambo, mume wangu. Huko nje kukoje?"

"Mvua imenyesha. Mto umejaa. Nami nimekukumbuka."

Mke akacheka. Akala. Akaatamia mayai yake. Kila siku tini, kila siku maneno.

Kima alikuwa kwenye tawi la juu. Akawaona. Kwe kwe kwe!

"Jamani, njooni mwone! Dume zima linabembeleza mti!"

Swala akacheka. Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. Hondohondo akaona haya, maskini, asijue pa kuuficha mdomo wake.

Kesho yake akaja kimya. Ko ko ko! Akapenyeza tini.

"Mume wangu, huko nje kukoje?"

Kimya. Puru! Kaondoka.

Siku ya pili hivyo. Ya tatu hivyo. Tini zikazidi kuwa nyingi, tena tamu. Moyoni akasema, "Namlisha. Anataka nini tena?" Mzee Shaweji, mbona unatazama chini? Sijakutaja.

Siku ya saba, ko ko ko! Mdomo haukutokea. Tini za jana zilikwama palepale kwenye upenyo, zimejaa sisimizi.

"Mke wangu! Una nini?"

Sauti ikatoka, ndogo, imechoka. "Nani wewe? Siku saba sijasikia neno. Nikasema mume wangu amekufa, na hizi ni tini za jirani mwenye huruma. Mfiwa atakulaje?"

Lo! Hondohondo aliingiwa na uchungu. Mke anakufa njaa, na chakula kiko mlangoni! Na mayai je? Akaruka, akachuma ua jekundu, akalipenyeza. Akapaza sauti, msitu mzima ukasikia.

"Ni mimi, mke wangu! Ni mimi! Nakupenda! Nilinyamaza kwa kuogopa kuchekwa!"

Ua likavutwa ndani, taratibu. Kisha tini moja. Kisha ya pili.

Kima akaanza, kwe kwe... Mke wa Kima hakucheka. Akamgeukia.

"Baba watoto, mimi uliniambia lini?"

Kima akajikuna kichwa. Akajikuna kwapa. Swala na mkewe wakatazamana. Ngiri akakohoa.

Basi wanyama wakapatana. Kila mwaka iwe siku moja, kila mmoja amwambie mwenziwe kwa sauti, na asichekwe mtu.

"Na siku nyingine?" akauliza Kima.

Bi Hondohondo akajibu kutoka ndani, mdomo umejaa tini: "Siku nyingine semeni polepole. Lakini semeni!"

Watu waliokuwa wakikata kuni karibu walisikia. Wakaichukua siku ile mpaka nyumbani kwao, pamoja na ua lake jekundu. Ndiyo maana hata leo wapendanao wanaisherehekea.

Mnasikia, wadogo kwa wakubwa? Umpendaye mlishe, lakini pia mwambie. Na anayemwambia mwenziwe, usimcheke.

Hadithi yangu imeishia hapo. Inukeni mwende makwenu. Mzee Shaweji, wewe tangulia.