Saa ya Jikoni Iliyotangulia

Aonaye haya kutaja linalomsumbua huikosa dawa hata ikiwa mlangoni pake. Ndiyo maana tukaambiwa mficha uchi hazai. Khuê wa hapa kwetu Sa Đéc aliijua maana hiyo akiwa amekwisha kuumia.

Khuê alikuwa binti wa mkulima wa maua, na shauku yake ilikuwa moja tu: kuingia chuo cha ualimu. Siku moja Mwalimu Thuần alichora ubaoni grafu yenye umbo la bakuli.

"Ukijumlisha mbili nje ya mabano, bakuli linapanda juu," alisema. "Ukijumlisha ndani ya mabano, linahamia kushoto. Mmeelewa?"

"Dạ!" darasa zima likaitika. Kwetu neno hilo ni la adabu. Anayeitika amesikia, si lazima awe ameelewa.

Khuê aliitika kwa sauti kuliko wote, ilhali moyoni alijiuliza kujumlisha kunawezaje kurudisha kitu nyuma. Lakini juzi yake mwanafunzi mwenzao Phước aliuliza swali, darasa likamwita kichwa boga hadi jioni. Yeye, msichana wa kusifiwa, angeuweka wapi uso wake? Akakariri tu.

Katika mtihani wa mwisho hofu ilimvaa, na alichokariri kikayeyuka. Alijumlisha ndani ya mabano, akaihamishia grafu kulia. Sehemu zote za swali zilitegemea grafu hiyo, kosa likazaa kosa. Chuo kikamponyoka, wala hakuweza kurudia mtihani, kwa kuwa mwaka uliofuata zamu ya kusomeshwa ilikuwa ya mdogo wake.

Rafiki yake Lài alikuja kumpa pole, wakaketi jikoni.

"Lakini ile ya grafu si ilikuwa mteremko?" Lài aliuliza.

"Sikuwahi kuielewa."

"Wewe? Uliyekuwa unaitika mpaka madirisha yanatetemeka?" Lài alicheka, kisha akaona machozi, akageukia ukutani. "Mbona saa yenu iko mbele?"

"Mama huisogeza makusudi, nisichelewe shule."

"Si ndiyo hiyo hiyo, mwenzangu! Saa imejumlishiwa, ndiyo maana ulikuwa unafika mapema. Na kwenye mstari wa grafu, mapema ni kushoto. Mwalimu alinieleza hivyo nilipomfuata ofisini, wala hakunicheka."

Khuê aliikodolea macho saa ile aliyoamka nayo miaka yote. Alitamani ardhi immeze.

"Khuê!" mama yake aliita kutoka bustanini. "Njoo tubebe vyungu vya maua, na kesho ni hivyo hivyo. Umeelewa, mwanangu?"

"Dạ," aliitika, akainuka kwenda. Hakika, mficha uchi hazai.