Mawe ya Msingi ya Mheshimiwa Kiboko

Wenye masikio!

(Tumeyatega!)

Wenye usingizi!

(Wakalale!)

Haya, tulieni. Na wewe huko nyuma acha kutafuna, utanisahaulisha.

Palikuwa na mto, na mto huo uliligawa Jimbo la Bonde mapande mawili. Jimbo lilikuwa na mjumbe mmoja barazani, Mheshimiwa Kiboko. Alichaguliwa akiwa kijana mwenye meno meupe. Akachaguliwa tena. Akachaguliwa tena. Vipindi saba, miaka thelathini na mitano, meno yakageuka manjano, na barazani hajasimama kusema ila mara moja tu, alipoomba dirisha lifungwe kwa sababu upepo ulikuwa ukimkatiza usingizi.

Siri yake nini? Daraja! Kila uchaguzi ukikaribia, aliahidi daraja. Alikuja ukingoni, ti! ti! ti!, akaweka jiwe la msingi kwenye majani makavu, akapigiwa vigelegele, aririririii!, akala kapu zima la matikiti, kacha kacha kacha, akaenda zake kulala. Miaka mitano baadaye analiokota jiwe lilelile, analipangusa matope, analiweka tena. Na watu wanapiga makofi!

Kura zenyewe zilipigwa kwa foleni. Unasimama nyuma ya umtakaye, unahesabiwa. Na uwanja wa kura ulikuwa upande huu, kwa Kiboko na ukoo wake. Wa ng'ambo, akina Digidigi na Nungunungu, hawakujua kuogelea. Siku ya kura walikaa kwao wakitazama.

Sasa, upande huu aliishi pia Bi Pimbi. Mdogo, hana mkia, lakini maneno anayo. Binti yake Sikudhani aliolewa ng'ambo mwaka wa ukame, mto ulipokuwa unavukika kwa miguu. Mvua zikarudi, mto ukajaa. Sikudhani akazaa watoto wanne, na bibi yao hajamshika hata mmoja. Kazi yake kuwapungia mkono tu, kisha anarudi nyumbani analia. Mwaka mmoja, uchaguzi ukikaribia, akaapa: "Wajukuu hawa nitawabeba kabla sijafa."

Akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sema upesi, nina usingizi."

"Wa ng'ambo wanakucheka. Eti vipindi saba, jiwe moja! Tena limekaa nchi kavu, kama la kusugulia miguu."

Kiboko akafura. "Wanicheke mimi?"

"Jiwe la daraja hukaa majini, Mheshimiwa, lionekane kotekote. Na la mkubwa liwe kubwa, asiweze kulibeba mwingine."

"Na matikiti?"

"Kila jiwe na kapu lake."

Aa, hapo usingizi ulimruka! Kiboko akaenda mlimani, akang'oa jabali, akajitwika mgongoni. Ti! ti! ti! Chubwi! Aririririii! Kacha kacha kacha.

Kesho yake asubuhi, Bi Pimbi huyo mlangoni.

"Mheshimiwa, bado moja."

"La nini tena?"

"La kipindi cha pili."

Ti! ti! ti! Chubwi! Aririririii! Kacha kacha kacha.

"Mheshimiwa, bado moja."

"La nini tena?"

"La kipindi cha tatu."

Vipindi saba vikaisha, mto bado nusu. Bi Pimbi hakukosa la kusema. Likaja jiwe la uenyekiti wa Kamati ya Majani. Likaja jiwe la ile safari ya mafunzo kule ziwani. Likaja jiwe la tumbo lake, kwa jinsi lilivyolitumikia jimbo.

Yakabaki mawe matatu kufika ng'ambo. Siku hiyo Kiboko akasimama katikati ya mto, jabali mgongoni, akakunja uso.

"We Pimbi! Mbona mawe haya yamenyooka mstari?"

Bi Pimbi akaona wajukuu wanampotea hivihivi. Lakini ulimi haukumtupa.

"Ulitaka yakae ovyo, Mheshimiwa? Wageni waseme mjumbe wetu hana mpangilio?"

Kiboko akafikiri. Kufikiri kukamchosha.

"Kweli," akasema. "Yapangike." Chubwi!

Siku ya kura ikafika. Kasuku, msimamizi, akauliza, "Yuko mgombea mwingine?"

"Nipo," akasema Bi Pimbi.

Kiboko akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nyuma yake walijipanga wake zake, wanawe, mashemeji, na bata wote wanaokula makombo yake. Nyuma ya Bi Pimbi hakuwepo mtu.

Mara, tapu! tapu! tapu! Wote wakageuka. Juu ya mawe ya msingi alikuwa anakuja Sikudhani, na watoto wanne wanamfuata wakirukaruka.

"Mama!"

Bi Pimbi akasahau kura. Akakimbia, akawakumbatia, akalia kwa sauti bila haya.

"Mgombea, rudi kwenye mstari!" Kasuku akafoka.

Akarudi, wawili mgongoni, wawili mikononi. Nyuma yake akasimama Sikudhani, akaja Digidigi, akaja Nungunungu na jamaa zake wote, foleni ikarudi nyuma juu ya mawe mpaka ng'ambo. Kasuku alihesabu mpaka sauti ikamkauka. Wajukuu hakuwahesabu, umri wao haujafika.

"Pimbi, umeniweza," akasema Kiboko.

"Nimekuweza wapi, baba? Daraja uliliahidi mwenyewe, ukalijenga kwa mgongo wako."

Mpaka leo Kiboko anaota jua pale ukingoni, kila apitaye anaambiwa, "Daraja langu hilo!" Na hasemi uongo.

Basi hadithi yetu inafunza hivi: mheshimiwa akikuahidi kitu, mwamini. Mpe miaka thelathini na mitano tu na matikiti ya kutosha, atatimiza.

Na Mheshimiwa Pimbi je? Hajambo, yuko barazani. Nasikia wiki jana kaweka jiwe la msingi la zahanati, kule kwenye majani makavu, akaondoka na kapu la matikiti.

Wenye masikio!

(Yamejaa!)

Basi yafungeni, twende tukalale.