Kalunguyeye Hajashiba

"Wasikilizaji, mpo?"
"Tupo!"
"Mmekaa?"
"Tumekaa!"
"Nani amesimama?"
"Mgeni!"
"Mpeni kigoda, nianze."

Palikuwa na Kalunguyeye, mnyama mdogo wa miiba mifupi, ukimbeba anaenea kwenye viganja viwili. Mkewe alifariki wakati wa kiangazi, na tangu hapo kila aliyepita shimoni kwake alimwambia pole. Pole asubuhi, pole jioni. Kalunguyeye akachoka kupewa pole. Akafunga kifurushi, akaenda zake mji wa ng'ambo ya mto, mahali ambapo hakuna anayemjua yeye wala aliyemjua mkewe. Hakuwa na akiba. Alikuwa na kumbikumbi wakavu wa kutafuna njiani, basi.

Akatembea, ti-ti-ti. Akavuka mto juu ya gogo, ti-ti-ti. Jua lilipochomoza akaingia mjini.

Loo, mji gani huo! Kichochoro kinaingia kichochoroni. Akapita duka la mkaa, akakata kulia, akajikuta mbele ya duka la mkaa. Akakata kushoto: duka la mkaa. Hakujua kama mji una maduka mengi ya mkaa au ni yeye anayezunguka. Katika safari zao zote mkewe ndiye aliyetangulia, na yeye alifuata nyayo. Sasa mbele yake hapakuwa na nyayo, palikuwa na vumbi tu.

Akakutana na Mhanga.

"Shikamoo, mzee. Nyumba ya kulala wageni, ile rahisi kuliko zote, iko wapi?"

"Marahaba. Ile pale," akasema Mhanga, akaelekeza kwa mdomo. Lakini mdomo wa Mhanga ni mrefu. Ulianzia mashariki, ncha ikaishia kaskazini.

Akakutana na Tembo.

"Shikamoo, mzee. Nyumba ya kulala wageni?"

"Marahaba. Ile pale," akasema Tembo, akaelekeza kwa mkonga. Mkonga ukainuka, ukapinda, ukageuka, ukamwelekeza Tembo mwenyewe.

"Ahsante," akasema Kalunguyeye, maana ni adabu kushukuru hata kama hukuelewa kitu.

Jua likapanda. Kalunguyeye ni wa kulala mchana, na jua la ugenini lilimchoma pua. Hapo akasikia sauti nene, tena tamu.

"Mgeni! Mbona unazunguka kama aliyedondosha sindano? Karibu kwangu. Kula bure, kulala bure!"

Alikuwa Fisi, ameujaza mlango mzima wa nyumba yake.

"Bure?" akauliza Kalunguyeye.

"Bure kabisa. Tua mzigo wako hapo, pamoja na mizigo ya wenzako."

Kando ya mlango kulikuwa na kikapu cha ukindu, mfuko wa gunia, na kitenge kilichofungwa fundo zuri kama wafungavyo kina mama. Mizigo ilikuwepo. Wenzake hawakuwepo. Kalunguyeye akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akadhani pengine wameenda sokoni.

"Huku kwetu sheria si nyingi," akasema Fisi, akimwekea bakuli la kunde. "Anayesema karibu ndiye mwenyeji, hatuulizi nyumba ni ya nani. Mwenyeji hali mpaka mgeni ashibe. Na mgeni mwenye njaa haguswi."

"Haguswi na nani?"

"Kula, mgeni wangu, kula."

"Na akishashiba?"

"Chakula kinapoa."

"Na yule aliyekaa darini?"

"Ah, yule Kasuku wa mji. Anaangalia sheria. Ukiivunja anapiga kelele, Tembo anakuja kukukalia. Kula!"

Kalunguyeye akala. Hakuelewa sheria, hakuelewa nyumba, lakini kunde alizielewa. Akala kidogo. Fisi akainama, macho yanang'aa, akauliza kwa upole:

"Umeshiba?"

Mnajua jibu lake. Kila aliyelelewa akalelewa, akiulizwa hivyo nyumbani kwa watu, husema nimeshiba, ahsante, hata kama amekula tonge moja. Kalunguyeye alilelewa. Akafungua mdomo ajibu. Ila tangu mkewe afariki hakuna aliyemwuliza swali hilo. Jibu likakwama. Akageuza uso upande wa mlango ili mwenyeji asione machozi, na macho yake yakaangukia ile mizigo.

Akasema, ili tu aseme kitu, "Wenye mizigo hii mbona siwaoni?"

"Walishiba," akasema Fisi, akaramba midomo.

Hapo Kalunguyeye akaelewa. Katika mji ule mzima, jambo la kwanza kulielewa lilikuwa hilo.

"Umeshiba?" akauliza tena Fisi.

"Bado kidogo, bwana."

Fisi akaenda jikoni, akarudi na mihogo. Alipogeuka kutafuta chumvi, Kalunguyeye akaimwaga mihogo kwenye kikapu. Pu!

"Umeshiba?"

"Bado kidogo, bwana."

Fisi akaenda jikoni, akarudi na mahindi ya kuchemsha. Alipogeuka, mahindi yakaingia kwenye gunia. Pu!

"Umeshiba?"

"Bado kidogo, bwana."

Fisi akaenda jikoni, akarudi na viazi. Alipogeuka, viazi vikaingia kwenye kitenge. Pu!

Tumbo la Fisi sasa likaanza kusema lenyewe. Ngurrr! Akachovya kidole kwenye bakuli la kunde.

"Mwenyeji anaramba!" akapiga kelele Kasuku. Mbali kule ardhi ikatikisika, di! di! di! Fisi akakipangusa kidole ukutani haraka haraka, na mtikisiko ukakoma.

Jikoni kukawa kweupe. Fisi akakaa chini.

"Mgeni wangu, hebu niambie ukweli. Hilo tumbo lina mlango wa nyuma?"

"Kwetu tunakula taratibu, bwana. Lakini naona umedhoofu. Nakuonea huruma. Nina viporo hapa, ila naona aibu kumpa mkubwa kama wewe."

"Aibu ya nini? Nipe!"

"Hata vya baridi?"

"Hata vya juzi!"

"Basi karibu tule," akasema Kalunguyeye, akafungua kikapu, akafungua gunia, akafungua kitenge.

"Kalunguyeye amesema karibu!" akatangaza Kasuku. "Mwenyeji ni Kalunguyeye!"

Fisi hakusikia. Kichwa kilikuwa ndani ya kikapu mpaka masikioni. Akatafuna, kacha kacha. Akabugia, gwa gwa gwa. Akamaliza mihogo, mahindi na viazi, akamaliza na kikapu. Akacheua.

Kalunguyeye akainama, akauliza kwa upole:

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, ahsante," ukasema mdomo wa Fisi. Kichwa chake kilifika baadaye.

"Fisi ameshiba!" akalia Kasuku. "Fisi ni wa Kalunguyeye!" Di! di! di! Tembo akaja kusimama mlangoni, kuhakikisha sheria inafuatwa.

Fisi akauliza, "Utanila?"

"Wewe? Nikianza leo na sikio moja, nitazeeka sijafika shingoni. Lala pale pembeni, jikunje, usimguse mtu."

Fisi akajikunja. Tembo akaondoka zake. Kalunguyeye akapanda kitandani, akajiviringisha. Nyumba ilikuwa yake, Fisi alikuwa wake, na bado hakujua yuko upande gani wa mji.

Kabla usingizi haujamchukua, akasikia, "Hodi!"

Alikuwa Ndezi, mfuko begani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Samahani, ndugu. Ni mgeni, nimepotea, na nina njaa."

"Njaa unayo kweli?"

"Kweli kabisa."

"Vizuri. Basi karibu. Chakula kimekwisha."

Ndezi akabaki kinywa wazi. Akamtazama Fisi pembeni, akamtazama mwenyeji kitandani, hakuelewa lolote. Lakini alikuwa amechoka. Akaingia, akalala fofofo na njaa yake, akaamka mzima.

Basi, wanangu, funzo ni hili: mkiwa ugenini mkaulizwa kama mmeshiba, semeni mmeshiba. Ni adabu njema, na haijapata kumdhuru mtu.

Ngano nimeitua chini. Mwenye kichwa aibebe. Mwenye usingizi airuke apite.